Uso wa Bwana Kinini

Élisabethville, Jumamosi, 16 Oktoba 1954. Asubuhi.

Joto. Tangu Jumatano mawingu yamekaa juu ya mji na hayataki kunyesha. Mama amemwagia uwanja maji mara mbili na vumbi bado linapanda. Nimekaa nyuma ya nyumba, daftari juu ya magoti. Baba yuko kazini reli. Baba mukubwa yuko mbele, anapiga viatu rangi kwa mara ya tatu. Namsikia akiimba kwa pua.

Nitaandika haraka. Saa nane lazima niwe Shule ya Waganga, na kabla ya saa nane lazima niwe nimeamua.

Nimemchora mtu ambaye siye.

Niandike kwa utaratibu, labda kichwa kitatulia. Shule ya Waganga ndiko vijana wetu wanakofundishwa uuguzi na kazi ya kusaidia madaktari. Leo saa tisa alasiri, mbele ya wakubwa wa mji, watafunua picha kumi na mbili katika korido: madaktari na walimu waliofundisha pale tangu mwanzo. Kumi na moja ni picha za kamera. Nazijua zote sasa, maana kwa wiki mbili nimefuta vioo vyao na kuandika majina yao chini kwa wino mweusi. Kuna yule aliyepigwa akiwa na hadubini, ameishika kama mtu anayeogopa itaibwa. Kuna mtawa aliyefundisha ukunga, amefunga midomo, macho yake yanacheka peke yao. Kuna mfamasia aliyefumba jicho moja wakati picha inapigwa, wakaiacha hivyo hivyo. Mwanzoni nilikuwa nawaogopa. Halafu nikazoea kuwaambia habari za asubuhi, kimya kimya, nikiwapangusa vumbi.

Fremu ya kumi na mbili ilikuwa tupu. Ni ya Daktari Delvaque, wa kwanza kabisa, aliyeanza kufundisha chini ya hema kabla ya majengo. Alikufa kwa homa kabla ya kumaliza mwaka wake wa pili hapa. Hema, kitanda, masanduku, karatasi, vyote vilichomwa ili ugonjwa usienee. Binti yake alizaliwa Ubelgiji baba akiwa tayari kaburini, na picha alizokuwa nazo mama yake ziliungua pamoja na nyumba wakati wa vita vya kwanza, yeye akiwa bado mtoto mchanga. Sasa huyo binti ni Madame mtu mzima. Mume wake ni injinia kule Kambove. Mwaka huu aliandika barua kwa mkurugenzi wa shule akiuliza jambo moja tu: je, kuna picha yoyote ya baba yangu?

Hajawahi kuuona uso wake. Hata mara moja.

Hakukuwa na picha. Lakini Masœur Godelieve, mtawa aliyenifundisha kushona na kuchora mpaka nilipomaliza shule mwaka huu, alimwambia mkurugenzi kwamba yupo msichana anayejua kuchora nyuso, na kwamba nyumbani kwa msichana huyo yupo mzee aliyefanya kazi na madaktari wa kwanza. Mzee ni Baba mukubwa Ilunga, kaka yake baba. Yeye aseme, mimi nichore.

Hapa ndipo kosa langu linapoanza. Nataka liandikwe wazi.

Siku ile ofisini, mkurugenzi alimuuliza Baba mukubwa kwa Kifaransa kama anamkumbuka Daktari Delvaque. Baba mukubwa akaniangalia mimi. Wafanyakazi wa zamani hawakuyajua majina ya Wazungu yaliyo kwenye karatasi. Waliwapa majina yao wenyewe. Nami tangu utoto nimesikia hadithi za daktari wa kwanza, munganga Bwana Kinini, ambaye kila alfajiri wakati wa kuita majina aliweka kidonge cha kinini, dawa ya malaria, juu ya ulimi wa kila mfanyakazi, kisha akamwambia afungue kinywa tena ahakikishe kimemezwa. Mimi nisiyesema mpaka niulizwe mara mbili, siku ile nilisema bila kuulizwa:

"Ni Bwana Kinini, Baba mukubwa."

Uso wake ukawaka. "Aa! Bwana Kinini! Ule namujua sana!"

Mkurugenzi akafurahi. Masœur akanishika bega. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa kiatu kipya. Furaha ile ndiyo ninayoionea haya leo.

Tulichora wiki tatu, hapa hapa nyuma ya nyumba. Baba mukubwa alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote.

"Pua hapana ile. Ile pua iko ya katekista. Punguza."

"Hivi?"

"Sasa umekata yote, mama! Muntu atapumua na nini? Ongeza kidogo. Kidevu igawanyike katikati. Nyusi ya kushoto inakatika, iko na kovu, kama njia mu majani. Eee. Eee! Anatuangalia sasa."

Mama akapita na ndoo akauliza, "Na weye, Baba mukubwa, picha yako batatundika wapi?"

"Miye niko musumari," akajibu. "Ninabashika bote."

Tulicheka sana. Nilikuwa na furaha wiki zile, nakiri.

Jana nilikuwa nafuta kioo cha picha ya saba. Ni Daktari Stroobe, mzee mnene mwenye miwani na ndevu. Picha yake ilipigwa Ulaya, baada ya yeye kustaafu. Nilikuwa nimeipangusa mara nyingi bila kuiangalia sawasawa, maana iko kwenye kona ya giza. Jana waliyafungua madirisha yote kwa ajili ya wageni, na mwanga ukaingia. Nikaona nyusi ya kushoto. Imekatika katikati, kovu limepita kama njia mu majani.

Nikasogea kwenye mchoro wangu. Nikarudi. Nikaondoa ndevu kwa mawazo, nikaondoa miwani, nikaondoa miaka. Masikio yale yale. Paji la uso lile lile, ambalo nililifuta na kulichora mara tisa.

Nilikimbia nyumbani. Baba mukubwa alikuwa anamenya karanga.

"Baba mukubwa, Bwana Kinini alikuwa muntu mumoja?"

"Mumoja namna gani? Balikuwa babili. Ule wa kwanza alikufa. Mwingine akakuja, akaingia mu nafasi yake, akashika kazi ya kinini. Jina pia akaikuta pale, inamungoja."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza."

"Na ule tulichora, njo gani?"

Mikono yake ikasimama. Karanga moja ikadondoka, hakuiokota.

"Ule wa pili," akasema pole pole. "Wa kwanza nilitumika naye mwaka moja na kidogo. Wa pili miaka kumi na tano. Ukisema Bwana Kinini, uso ya ule njo inakuja."

Mama alisikia yote kutoka jikoni. Akatoka akijifuta mikono. "Nyamazeni. Ule Madame hakumuona baba yake, atajua nini? Bazungu bote beko na pua moja. Atafurahi, atalia kidogo, atarudia Kambove, itaisha. Na Jumatatu, Bernadette? Umesahau Jumatatu?"

Sijasahau. Jumatatu wanabandika orodha ya wasichana watakaochukuliwa kusomea ukunga. Masœur amelipeleka jina langu, na anayetia sahihi ni mkurugenzi yule yule. Tangu nikiwa na miaka kumi sijataka kitu kingine.

"Ukimupatisha mukurugenzi haya mbele ya bakubwa," Mama akasema, "utabakia hapa kushona leso mpaka uzeeke."

Baba mukubwa hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia sema. Ameazima koti kwa jirani. Ameahidiwa kiti mstari wa mbele. Wiki nzima mtaa unamwita Baba Kinini naye anainua kofia. Alisema tu, "Mwanangu, balinipa kiti." Akaendelea kumenya.

Mama anasema kweli. Hakuna atakayejua. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kama Madame angeujua uso wa baba yake, angeangalia na kusema hapana, na kosa lingebaki kosa, watu wangenikasirikia na yangekwisha. Lakini haujui. Ataupokea wowote nitakaompa. Atautundika ukutani kwake, atawaonyesha watoto wake, atazeeka akimpenda mtu asiye wake, na mimi nitakuwa ndiye niliyempa.

Sijui kama nina sauti ya kusema.

Saa saba imepita. Naenda.

*

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu. Jua bado lipo.

Nimerudi. Nitaandika kama lilivyokuwa.

Nilifika na kichupa cha wino mkononi, nikidhani nitakuta korido tupu. Picha zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, isipokuwa moja. Madame alikuwa amewahi kutoka Kambove, akaomba aione kabla ya watu. Alikuwa amesimama mbele ya mchoro wangu, kofia ya kijivu, vumbi jekundu la njia kwenye viatu. Masœur Godelieve alikuwa pembeni yake. Nilidhani Madame atakuwa mwanamke mrefu wa kutisha. Ni mfupi kuliko Mama.

Alikuwa ameshika kidevu chake. "Angalia, Masœur," alisema kwa Kifaransa. "Kidevu. Mama alikuwa anasema sikukitoa kwake."

Kisha akaniona. Akaniuliza kwa Kiswahili cha jikoni kwake: "Weye njo nachora hii?"

"Ndiyo, Madame."

"Aksanti. Aksanti sana."

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Nilihitaji tu kuinamisha kichwa, jambo ambalo nalifanya kila siku bila kujua. Nikaona Masœur ananitabasamia. Nikaona mkono wa yule mama kwenye kidevu.

"Madame," nikasema, "ile hapana baba yako."

Kifaransa chote kilikuwa kimenikimbia. Masœur akasema, "Bernadette!" kama anavyosema mtu akivunja sahani. Nikatembea mpaka picha ya saba, nikainua kitambaa. Sikuwa na namna nyingine. Nikaonyesha nyusi ile, kisha nyusi hii. Kifaransa kikarudi kwa vipande, nikaeleza: madaktari wawili, jina moja, na kwamba mimi ndiye niliyelisema jina, si mzee.

Madame akaangalia picha ya saba. Akaangalia mchoro. Akaenda na kurudi mara tatu, visigino vyake vikilia kwenye sakafu.

Mkono wake ukashuka kutoka kidevuni.

Nakiri hapa, maana hapa hakuna anayenisoma: wakati ule nilitaka kuyameza maneno yangu. Kama mtu angeniambia inawezekana, ningeyameza.

Mkurugenzi akafika akiwa na karatasi ya hotuba. Masœur akamweleza. Akauliza kosa la nani. Nikasema, "Langu, Monsieur le Directeur." Hakupaza sauti. Alisema wageni wako njiani, na pengo ukutani ni aibu kwa shule. Picha ibaki leo, mambo mengine yatarekebishwa baadaye. Akaniangalia mimi kwa muda mfupi, kisha akaiangalia karatasi yake, nami nikajua ameliona jina langu mahali pengine, kwenye karatasi nyingine.

"Non," Madame akasema. "Daktari huyu ana picha yake tayari."

Akautoa mchoro mwenyewe kwenye fremu, akauweka mikononi mwangu. Kwa hiyo walifunua picha kumi na moja na fremu moja tupu yenye jina. Wakubwa walipiga makofi mbele ya ubao wa nyuma wa fremu. Mmoja wao alimnong'oneza mkewe, wakacheka.

Baba mukubwa alikuja saa nane na nusu, koti limempwaya mabegani, viatu vinang'aa. Kiti chake kilikuwa kimeondolewa. Hakuuliza. Alisimama karibu na mlango, kofia mikononi, mpaka hotuba zikaisha. Nilikuwa upande wa pili, sikuweza kumfikia, na hata ningemfikia sijui ningesema nini. Nilimnyang'anya kiti kwa mdomo wangu mwenyewe.

Watu walipoanza kunywa limonadi, Madame akapita katikati yao, akaenda mlangoni.

"Muzee. Weye najua baba yangu? Ule ya kwanza?"

Nikasogea. Baba mukubwa alikuwa anageuza kofia kwa vidole. Niliogopa ataona huruma na kumtungia uso mwingine. Anajua kutunga.

"Madame," akasema, "uso yake sijui."

Yule mama akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anangoja hilo.

"Miye nilibeba sanduku ya kinini. Yeye mbele, miye nyuma, kila asubuhi, tangu kambi ya kwanza mpaka ya mwisho. Ile wakati hatukuangaliaka muzungu mu macho. Ungemuangalia, ungepigwa. Ule wa pili nilimuzoea mu lopitalo, kwa bagonjwa, meza katikati yetu. Wa kwanza, hapana. Wa kwanza najua shingo."

"Shingo?"

"Shingo, mabega, yote ya nyuma. Shingo yake ilikuwa nyekundu, na mistari mbili inapitana, hivi. Bega ya kushoto chini kidogo, sababu alikuwa anabeba mufuko yake mwenyewe. Nilimuambia, Bwana, leta nibebe. Alikataa. Na alitembea mbio mbio, halafu anasimama bila kusema. Miye na sanduku, pa! mu mugongo yake. Mara mbili, mara tatu. Nikafikiri leo nakufa. Alichekaka tu. Bila kugeuka. Mabega njo ilicheka."

Baba mukubwa akaonyesha: akatugeuzia mgongo, akatikisa mabega mawili ya koti la kuazima. Madame akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Akamwambia arudie. Akarudia. Mkurugenzi alikuwa anatuangalia kutoka kwenye meza ya vinywaji.

Kisha Madame akanigeukia. "Ile. Weye naweza kuchora ile?"

"Mgongo, Madame?"

"Mugongo."

Mkurugenzi alikuwa amesogea, akasikia. Akasema kwa Kifaransa, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba katika korido ya madaktari haiwezekani kutundika mgongo. Madame akajibu kwamba basi atautundika kwake Kambove, na fremu ya shule ibaki ilivyo. Atakuja Alhamisi kuuchukua.

Nilipokuwa natoka, nilimuuliza Masœur kuhusu Jumatatu. Si kawaida yangu kuuliza. "Sijui, mwanangu," akasema. "Kwa kweli sijui." Hakunidanganya, nami nashukuru kwa hilo, ingawa njiani nililia mpaka kwenye daraja la reli.

Mama alikuwa amekwisha kusikia. Maneno hapa yanatembea kwa baiskeli. Hakunigombeza. Aliweka chakula mbele yangu akasema, "Kula. Leso inashonwa na nguvu." Hiyo kwa Mama ni nusu ya msamaha.

Sasa Baba mukubwa amevua koti, amelikunja vizuri la kurudishia jirani, na anatembea uwanjani na singlendi, kutoka ukutani mpaka bombani. Amebeba mfuko wa mahindi kwa mkono wa kushoto ili bega lishuke. Anasimama ghafla. Anatikisa mabega.

"Umeona? Chora ile! Bega iko chini sana, panda kidogo. Hapana, ile iko mugongo ya mulevi!"

Nimefuta mara nne. Ni kazi ngumu kuliko uso. Uso una macho, macho yanasaidia. Hapa kuna kola, mistari miwili shingoni, na kitambaa cha shati kinachovutwa upande mmoja. Watu watasema nini wakiingia sebuleni kwa Madame na kukuta mtu amewapa kisogo?

Nimejiuliza pia kama mtoto anaweza kumjua baba yake kwa mgongo tu. Nimejiuliza tangu korido, njia nzima, na hata sasa penseli ikiwa mkononi. Kisha nikamfikiria baba yangu, mlango wa reli unapofunguliwa na wanaume mamia wanatoka pamoja, wote na nguo za rangi moja, wote wamechoka, wakielekea upande wa pili kutoka kwangu.

Sijawahi kuhitaji ageuke.